Nunua Ukoo wa Injini, Usinunue Jina

Nyangwe, kwetu kando ya mto Lualaba mashariki mwa Kongo, si mahali pa kutafuta mashine ya kukata majani. Ua wetu hufagiliwa mpaka udongo ung'ae, na nyasi zikizidi hufyekwa kwa kupekupe, panga lile ambalo kila kijana wa Maniema amelishika. Lakini injini inayozungusha kisu cha mashine hizo katika bustani za Wazungu ina ndugu tele pande hizi za Kasongo na Kabambare. Iko kwenye motopompe, yaani pampu ya maji, inayokausha mashimo ya wachimbaji wa dhahabu huko Namoya na Salamabila. Iko kwenye jenereta ya kinyozi na ya mchaji simu, na kwenye msumeno wa mpasua mbao. Silinda moja, petroli kidogo, kamba ya kuvuta. Shafti ya mashine ya majani kwa kawaida inatazama chini na ya pampu inatazama pembeni, lakini cheche inazaliwa kwa namna ile ile.

Inazaliwa kwenye bobini, au koili kama wanavyoiita mafundi wa Dar es Salaam. Ni kipande cheusi kinachoenea kiganjani, kimefungwa kwa bolti mbili ubavuni mwa gurudumu la sumaku, na waya mmoja mnene unatoka humo kwenda kwenye buji, plagi ya kuwashia. Bobini ikifa, injini nzima inabaki chuma cha kuuzwa kwa kilo. Wala haifufuki, maana vyote vilivyomo ndani vilimwagiwa plastiki ngumu kiwandani. Mwenye mashine anabaki na swali moja tu: je, bobini ya mashine nyingine itafaa?

Swali hilo, kwa maoni yangu, tunaliuliza tumechelewa. Tunaliuliza siku mashine imezimika na maji yanajaa shimoni, wakati tulipaswa kuliuliza siku ya kutoa pesa. Kwetu sisi ambao duka la kampuni liko nchi ya tatu na barabara ya kulifikia ni tope, injini ambayo kipuri chake kinamfaa na jirani ni mali. Injini isiyo na ndugu ni deni, hata kama umepewa bure.

Ili hoja hii isionekane ya kishabiki, tuifungue bobini yenyewe, japo kwa maneno. Ndani yake kuna nyuzi za shaba za aina mbili, nene chache na nyembamba nyingi sana, zimezungushwa juu ya mabati membamba yaliyobanwa pamoja. Gurudumu linapozunguka, sumaku iliyopachikwa kwenye ukingo wake inapita mbele ya miguu ya bobini na umeme mdogo unazuka katika nyuzi nene. Wakati wake ukifika, transista inaukata umeme huo ghafla. Kukatwa huko ndiko kunakozua volti elfu kumi na zaidi katika nyuzi nyembamba, na cheche inaruka kwenye buji. Hakuna betri popote. Umeme wote wa kuanzia unatoka kwenye mkono unaovuta kamba.

Zamani kazi ya kukata umeme ilifanywa na platini, vipande viwili vya chuma vilivyofunguka na kufumba kila mzunguko, vikisaidiwa na kondensa. Platini zililika, zilishika kutu, zililowa mafuta. Lakini zilitengenezeka. Fundi alizisugua kwa msasa, na akikosa msasa kwa ubavu wa kibiriti, akapima nafasi yake, akafunga, mashine ikaendelea na kazi. Wazee wanaokumbuka enzi hizo huzisifu, na mimi nawaelewa, ingawa naamini wamesahau ni asubuhi ngapi walipoteza wakivuta kamba bure.

Mwaka 1982 Briggs & Stratton, kampuni ya Milwaukee iliyoanzishwa mwaka 1908 na ambayo jina lake limebandikwa kwenye mashine za majani zisizo na idadi huko Marekani, ilileta bobini yenye transista ndani yake na kuiita Magnetron. Platini zikaondoka. Hapakuwa tena na cha kusugua wala cha kupima kila msimu. Ila hapakuwa tena na cha kutengeneza pia: kifaa kikifa, unakitupa.

Hata hivyo kampuni hiyo ilifanya jambo moja ambalo halisifiwi inavyostahili. Iliunda bobini mpya ikae kwenye matundu yale yale ya bolti ya injini zake nyingi za alumini za tangu miaka ya 1960. Mwenye mashine ya zamani aliukata waya wa platini, akafunga bobini mpya, akarudi bustanini. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Tangu kipuri kilipofungwa kisifunguliwe, fundi alinyang'anywa kazi ya kutengeneza, akabakiwa na kazi ya kubadilisha. Anayekuuzia kipuri kilichofungwa, kisichofaa kwenye mashine nyingine yoyote na kisichoweza kuzibiwa nafasi na kipuri kingine chochote, hajakuuzia mashine. Amekukodishia, na siku ya kuirudisha ataijua yeye.

Sasa turudi kwetu. Ukienda kwenye machimbo ya Kabambare au ukipita soko la Kasongo, utakuta injini ndogo zenye majina ya kila namna, mengine umeyasikia na mengine yameandikwa na mtu aliyekuwa na haraka. Usihangaike na jina. Tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma au iliyobandikwa kwenye kibao cha pembeni. Mara nyingi utasoma 168F. Namba hiyo ina maana: 1 ni silinda moja, 68 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni kwamba inapozwa kwa upepo. Asili ya injini hiyo ni Honda. Mwaka 1983 Wajapani hao walitoa injini za GX, na GX160 na GX200 zote mbili zina silinda ya milimita 68. Tofauti yao ni mwendo wa pistoni, milimita 45 kwa ndogo na 54 kwa kubwa. Viwanda vya China, Lifan, Loncin na vingine makumi kwa makumi, vikaiiga hadi matundu ya bolti. Ndiyo maana bobini ya GX160 inakaa kwenye GX200, na inakaa kwenye 168F iliyotoka kiwanda ambacho hata mwenye duka hawezi kukitamka.

Ukoo wa pili ni wa wakubwa. GX390 ina silinda ya milimita 88, na nakala yake inaitwa 188F. GX270 ina 77, na nakala yake ni 177F. Hizi zina bobini yao, ya miguu mikubwa zaidi, na hazibadilishani na za 168F hata ukilia. Halafu kuna zile jenereta ndogo za kubeba kwa mkono mmoja, za Tiger TG950 na nakala zake, ambazo ni za mipigo miwili na hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Hizo ni ukoo wa tatu.

Jambo linalonishangaza ni kwamba hakuna aliyeuamua ulinganifu huu wa bobini. Buji ina sheria zake za kimataifa: uzi wa milimita 14 ni uzi wa milimita 14 hapa na Japani, na buji ya NGK yenye namba BPR6ES inayoingia kwenye GX160 ina wenzake wa kampuni nyingine wanaolingana nayo kwa kila kipimo. Kule Geneva kuna shirika zima, ISO, lililoanzishwa mwaka 1947 kwa kazi ya namna hiyo. Kwa bobini hakuna mkutano wa aina hiyo uliotufikia. Kilichotufikia ni kuigana. Wachina waliiga, wakaigana wao kwa wao, na kwa kuwa kila mmoja alitaka vipuri vya mwenzake vimfae, wakajenga kipimo cha pamoja bila kusaini karatasi. Najua wenye hakimiliki hawapendi kusikia hivi. Lakini mwenye shamba la mpunga kando ya Lualaba amefaidika na wizi huo, kama ni wizi, kuliko na mikutano mingi ya maendeleo vijijini.

Nimewahi kumwangalia fundi kijana sokoni Kasongo akishughulikia jambo hili. Mwenye pampu, mtu mzima mwenye kofia, alifika na bobini mpya ndani ya boksi.

"Muuzaji amesema ni ya Honda," akasema.

"Ni ya Honda kweli, papa," kijana akajibu baada ya kuigeuzageuza, "lakini ya Honda kubwa. Angalia matundu."

Akaiweka juu ya mihimili ya injini. Bolti moja iliingia, ya pili ikabaki pembeni. Akairudisha kwenye boksi taratibu ili mzee aweze kuirudisha dukani ingali mpya, kisha akachomoa bobini nyingine kwenye jenereta iliyokufa kwa sababu zake nyingine, isiyo na kibao wala rangi. Kabla ya kuifunga aliligeuza gurudumu mpaka sumaku ikatazamana na miguu ya bobini, akachana kipande cha pakiti ya sigara, akakichomeka katikati, akaiacha sumaku ivute bobini ikibane kikaratasi, ndipo akakaza bolti. Akalizungusha gurudumu kidogo, kikaratasi kikatoka.

Nafasi hiyo kwa GX160 ni kama milimita 0.4. Kwa injini nyingi za Briggs ni ndogo zaidi, kati ya robo na theluthi ya milimita. Karatasi ngumu ya pakiti ya sigara haiko mbali na hapo. Kadi ya simu iko mbali: ina unene wa takriban milimita 0.76, na anayeitumia atapata cheche dhaifu, mashine inayowaka ikivutwa na kijana na kumgomea mzee. Ukibana mno nako, gurudumu litakwangua miguu ya bobini na siku chache baadaye utakuwa umerudi dukani. Tena bobini nyingine zina upande wa kutazama nje. Ukiigeuza, bolti zinaingia vizuri kabisa na cheche inakuja wakati ambao pistoni haijaiomba.

Pampu ya mzee ilivutwa mara ya tatu ikanguruma.

Nimelisimulia hili kwa urefu kwa sababu maarifa yenyewe yamo humo, na hayamo kwenye boksi. Kijana yule alijua koo za injini kama wazee wanavyojua koo za watu. Alijua pia kitu kingine ambacho kingewaokolea wengi pesa: si kila injini isiyotoa cheche imeua bobini. Bobini ina waya mwembamba unaokwenda kwenye swichi ya kuzimia. Waya huo ukigusa chuma, injini inazimika, na hiyo ndiyo kazi yake. Ukichubuka na kugusa chuma bila kuamriwa, injini haiwaki, na mwenye mashine anakimbilia dukani. Uchomoe waya huo kwanza, uvute kamba, uangalie. Mara ngapi bobini nzima imetupwa kwa sababu ya waya uliochubuka, Mungu ndiye anajua.

Kuna na kitambuzi cha oili. Kiko chini, ndani ya injini, na oili ikipungua kinaizima mashine kwa njia ile ile ya kugusisha waya kwenye chuma. Kwenye sakafu ya saruji kinafanya kazi yake kwa adabu. Kwenye mteremko wa shimo la dhahabu, pampu ikiinama, oili inakimbilia upande mmoja na kitambuzi kinaamini imekwisha. Injini inazima, maji yanapanda, wachimbaji wanapiga kelele. Basi waya wa kitambuzi unakatwa, mara nyingi ni ule wa njano, na hapo amani inarudi. Mimi siungi mkono, lakini siwezi kumlaumu mtu ambaye wenzake wako ndani ya shimo. Ninachosema ni kwamba anayekata waya huo amejitwika kazi ya kupima oili kila asubuhi, na wengi wanakata waya bila kuichukua kazi. Miezi michache baadaye shafti imeng'ang'ania, na utasikia ikisemwa kwamba mashine za Kichina hazidumu.

Jamaa mwingine ambaye kosa lake husingiziwa bobini ni kijipande cha chuma kinacholifunga gurudumu kwenye shafti, ambacho mafundi wa huku hukiita klaveti. Majira ya cheche yanategemea mahali sumaku ilipo, na sumaku iko mahali pake kwa sababu ya kijipande hicho tu. Kwenye mashine za majani za Briggs kimetengenezwa kwa chuma laini makusudi: kisu kikigonga jiwe, kinakatika chenyewe, shafti inapona. Baada ya hapo gurudumu linateleza kidogo na cheche inatokea, nzuri, ya buluu, wakati usiofaa. Injini inapiga teke kamba au inatoa mlio kwenye ekzosi. Fundi asiyelijua hili atabadilisha bobini tatu.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye pikipiki, na hapa kanuni ya "ikiingia itafaa" inaua. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria na magunia kati ya Kasongo na Kabambare hazina bobini ya namna ya pampu. Zina CDI, kisanduku kidogo chenye soketi ya pini tano au sita, kinachohifadhi umeme na kuufyatua. Lakini CDI ni za aina mbili. Moja hulishwa na koili maalumu iliyo ndani ya injini, inayotoa volti mia na zaidi zinazopanda na kushuka. Nyingine hulishwa na volti 12 za betri. Soketi zao zinaweza kufanana pini kwa pini. Ukiipa ile ya betri umeme wa ile nyingine, unasikia harufu kabla hujasikia injini. Na hata zikiwa za aina moja, kila moja ina namna yake ya kuisogeza cheche mbele mwendo unapoongezeka, kwa hiyo CDI ya CG125 ya Kichina inaweza kuiwasha pikipiki ya Kihindi na bado ikaifanya ipandishe kilima kwa kuburuzwa. Mwenye pikipiki anaishusha bei, anaiuza, na tatizo linahamia kwa mwenzake.

Wenye vinu vya mpunga, niseme haraka, wameyakwepa yote haya. Injini zao za dizeli, zile S195 za silinda ya milimita 95 na R175 za milimita 75, hazina cheche kabisa. Dizeli inawaka kwa joto la kubanwa. Lakini nao wanaishi kwa kanuni ile ile ya ukoo. S195 inatengenezwa na viwanda vingi China, na ringi za mmoja zinaingia kwenye silinda ya mwingine. Kasongo inakoboa mpunga kwa sababu hiyo.

Wazo la kipuri cha huyu kumfaa yule halikuanza kwenye pampu. Lilianza kwenye bunduki, tena kwenye sehemu ile hasa inayowasha moto. Mwaka 1785 Thomas Jefferson, wakati huo balozi wa Marekani mjini Paris, alikwenda kwenye karakana ya mhunzi wa bunduki aitwaye Honoré Blanc. Alipewa vipande vya mitambo ya kufyatulia vilivyotenganishwa, akachukua kimoja kimoja bila kuchagua, akaviunganisha mwenyewe, vikakubali. Akaandika barua nyumbani kwa mshangao. Karibu karne moja baadaye wazo hilo lilikuwa bado halijazifikia bunduki za biashara ambazo Birmingham na Liège zilizimwaga Afrika. Mtambo wa gumegume moja ulikazwa kwa tupa na haukukaa kwenye nyingine. Misafara ya wafanyabiashara wa watumwa ilileta silaha hizo Nyangwe kwa njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, ikivuka ziwa Tanganyika. Ndizo ambazo watu wa misafara hiyo waliwaelekezea watu wa soko la hapa tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo mmisionari na mpelelezi Livingstone aliona mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza, wakipigwa risasi au wakizama Lualaba. Miaka mitano baadaye mpelelezi Stanley alipita hapo na mashua yake, Lady Alice, iliyokatwa vipande ili wapagazi waibebe mabegani na kuunganishwa tena majini.

Njia ile haijafa. Vipuri vingi vinavyouzwa huku vimeshuka bandari ya Dar es Salaam, vimepita kwenye maduka ya Kariakoo au kwenye makontena ya wafanyabiashara wetu, vimepanda reli au lori hadi Kigoma, jirani na Ujiji ile ile, vimevuka ziwa Tanganyika hadi Kalemie au Uvira. Kutoka hapo ni magari yanayokwama, pikipiki, na baiskeli zinazosukumwa kwa mikono. Kipuri kilichosafiri namna hiyo kikifika si chenyewe, kosa hilo halirekebishwi kwa wiki moja.

Hata reli yetu ilijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Sehemu ya Kindu hadi Kongolo, iliyofunguliwa mwaka 1910 kuyapita maporomoko ya mto, ilijengwa kwa upana wa mita moja, wakati reli za Katanga zilikuwa na milimita 1067. Milimita 67 hizo zilitosha kufanya behewa la upande mmoja lisiweze kukanyaga upande wa pili. Ilibidi njia ipanuliwe katika miaka ya 1950 ili mitandao miwili iungane.

Kwa nini basi naandika haya leo, na si kumwachia fundi? Kwa sababu makosa mengi hayafanywi na fundi. Yanafanywa na mnunuzi mkubwa. Ushirika wa wakulima unachangishana, mwenyekiti anakwenda Kindu au Bukavu, anarudi na pampu tatu za majina matatu, kila moja ilikuwa rahisi siku yake. Mgombea anagawa jenereta kabla ya uchaguzi. Shirika moja la misaada, ambalo sitalitaja, liliwahi kuleta pampu imara sana, za Ulaya, nzito, za kupendeza macho. Bobini yake haikufanana na kitu chochote kati ya Kalemie na Kisangani. Ya kwanza ilipokufa ililishwa vipuri vya ya pili. Ya pili ikalishwa vya ya tatu. Waliozileta walikuwa wameandika ripoti na kuondoka, na sina shaka ripoti ilikuwa nzuri.

Ningekuwa na usemi katika kamati za namna hiyo, ningeomba mstari mmoja tu uongezwe kwenye karatasi ya manunuzi: injini iwe ya ukoo ambao vipuri vyake vinauzwa tayari sokoni Kasongo, na kila injini tano ziletwe na bobini moja na kabureta moja ya akiba. Basi. Ubora wa Ulaya ni mzuri, siupingi. Lakini injini ya wastani yenye ndugu mia itafanya kazi siku nyingi kuliko injini bora iliyo yatima.

Najua pingamizi. Bobini za bei poa ni za kubahatisha, na mtu anauziwa mbuzi kwenye gunia. Ni kweli. Zipo zinazofanya kazi zikiwa baridi, zikapata joto baada ya nusu saa zikakata cheche, kisha zikapoa na kuwaka tena, hadi mwenye mashine aamini kuna mkono wa mtu. Zipo zenye jina la Honda ambazo Honda haijawahi kuziona. Dawa yake, hata hivyo, si kukimbilia injini za jina moja zenye kipuri kimoja kwenye duka moja. Muuzaji pekee ndiye anayeweza kukuuzia kibovu mara mbili. Pale kipuri kinapopatikana kwa wauzaji kumi, fundi hupata sifa ya kujua boksi la nani linadumu, na habari hiyo husambaa kuliko tangazo lolote.

Wenzetu wa nchi tajiri wanapigania haki ya kujitengenezea mashine zao mahakamani na mabungeni. Wakulima wa Marekani wamezozana miaka na kampuni ya John Deere juu ya matrekta ambayo hayakubali kipuri mpaka kompyuta ya kampuni ibariki. Januari 2023 kampuni hiyo ilitia saini makubaliano na shirikisho la wakulima, na Januari 2025 serikali ya shirikisho ikaishtaki hata hivyo. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria yake ya haki ya kutengeneza mwaka 2024. Sisi hatujapiga kura yoyote, lakini kila ninapoona 168F mbili za majina tofauti zikishirikiana bobini naona haki hiyo ikitumika bila wakili.

Hofu yangu ni kwamba enzi hii inaelekea ukingoni. California ilipitisha sheria mwaka 2021 kwamba kuanzia 2024 mashine mpya za majani zinazotengenezwa kuuzwa huko zisiwe na injini za petroli, huku jenereta zikipewa muda zaidi. Mashine za betri zimechukua nafasi, na mara nyingi betri ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine, kana kwamba umbo lake lilichongwa makusudi lisiingie. Huku kwetu petroli inafika kwa chupa na bei yake inapanda kila gari linapokwama, kwa hiyo pampu za jua zitakuja na zitakaribishwa, nami nitazikaribisha. Ila zina kidhibiti, kisanduku kilichofungwa kinachokaa kati ya paneli na mota, na kwa nyingi kati yake kila pampu ina chake. Nimewauliza wauzaji mara kadhaa kama kidhibiti cha pampu hii kinaweza kuiendesha ile. Jibu la kweli nililipata kwa mmoja wa Kindu: alisema hajawahi kuulizwa swali hilo, akaandika namba yangu nyuma ya risiti, akaahidi kunipigia akishajua.